Kumfunga Ng'ombe Kamba kwa Usalama: Somo kwa Mfugaji Anayeanza

Kaya inayoingia katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, Yakobi kama kwingineko katika Mji wa Njombe, kwa kawaida huanza na mnyama mmoja. Mtamba hununuliwa kwa akiba ya mauzo ya viazi, mbao au parachichi, au hupokelewa kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Siku anapofika nyumbani, banda limekwisha kujengwa, matete yamekwisha kupandwa, na mwenye nyumba amekwisha kuelekezwa juu ya ulishaji na ukamuaji. Jambo ambalo mara nyingi huachwa bila kufundishwa ni lile linalotangulia mengine yote, yaani namna ya kumshika mnyama huyo. Hawezi kukamuliwa, kuchanjwa, kuogeshwa, kupandishwa kwa chupa wala kutibiwa pasipo kushikwa kwanza, na kinachomshika ni kamba.

Ng'ombe chotara wa maziwa aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 400 au zaidi. Mtu mzima wa kawaida hafiki hata robo ya uzito huo. Kwa hiyo hakuna mfugaji, awe na misuli kiasi gani, anayeweza kushindana na ng'ombe kwa kuvutana naye. Kazi yote ya kamba inategemea kulikubali jambo hili. Mshika kamba hufaulu kwa sababu ng'ombe amezoeshwa, kwa sababu amesimama mahali panapofaa, na kwa sababu uzito umebebwa na nguzo badala ya mikono yake.

Vijana wengi wameona katika sinema wachunga ng'ombe wa Marekani wakirusha kitanzi kutoka mgongoni mwa farasi, na baadhi yao hudhani kuwa huko ndiko kujua kamba. Ufundi ule ulitoka Mexico, na jina la kitanzi chenyewe lina asili ya Kihispania. Lakini msingi wake ni farasi. Kitanzi kikishamkamata ng'ombe, kamba huzungushwa kwenye pembe ya tandiko, na farasi aliyefundishwa ndiye anayesimama imara na kupokea mshtuko. Hata huko, wenye ujuzi wa miaka mingi wamepoteza vidole gumba vilivyobanwa kati ya kamba na tandiko. Mkazi wa Yakobi hana farasi. Akirusha kitanzi juu ya ng'ombe anayekimbia, mshtuko wote utaangukia mabega yake na viganja vyake. Kwa mfugaji wa huku nguzo ndiyo farasi, na somo hili limejengwa juu ya nguzo.

Jinsi ng'ombe anavyoona

Kabla ya kamba yatangulie macho. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa sehemu iliyo nyuma yake moja kwa moja. Kitu kinachotokea ghafla kutoka huko hakukiona kikija, na jibu lake la kwanza ni teke. Aidha, hapimi vizuri kina na umbali. Kivuli sakafuni, mfereji wa maji, au koti lililotundikwa mlangoni huweza kumsimamisha kama ukuta. Mfugaji anayempiga mnyama aliyesimama kwa namna hiyo anamwadhibu kwa kuogopa kitu ambacho yeye mwenyewe angeweza kukiondoa kwa dakika moja.

Anayemkaribia ng'ombe hupaswa kutokea ubavuni kwa mshazari, akielekea bega, huku akizungumza kwa sauti ya chini ili mnyama ajue alipo. Mkono wa kwanza huwekwa begani au shingoni, si usoni wala nyuma. Bega ni mahali pa muhimu kwa sababu nyingine pia: mtu akisimama nyuma kidogo ya bega, ng'ombe husogea mbele, na akisimama mbele ya bega, husimama au kurudi nyuma. Mwenye kulijua hili humwendesha ng'ombe kwa kusogea hatua moja tu, bila fimbo na bila kelele. Teke la ng'ombe, tofauti na la punda, huanza kwa mguu kuja mbele, kisha huzunguka nje na kwenda nyuma. Kwa hiyo aliyesimama kando ya paja hayuko salama hata kama hayupo nyuma. Aliyebanana na bega yuko salama zaidi kuliko aliyejitenga hatua mbili.

Kichwa kilichoinuliwa juu, macho yaliyotoa weupe, masikio yanayochezacheza na mkia unaopigapiga bila nzi ni dalili za hofu. Ng'ombe mwenye dalili hizo hafungwi kamba saa hiyo. Huachwa atulie, hata ikibidi kazi iahirishwe hadi jioni.

Kamba yenyewe

Kamba inayofaa kwa ng'ombe mzima ina unene wa milimita 12 hadi 16, yaani inajaza kiganja vizuri. Kamba nyembamba huwa na nguvu ya kutosha dukani, lakini hukata ngozi ya mnyama na ya mtu. Katani ni kamba nzuri: haitelezi mkononi, fundo lake hukamata, na haichomi sana ikipita kiganjani. Udhaifu wake ni maji. Katika masika ya Njombe, na katika ukungu wa Juni na Julai, katani hulowa, hujikaza, na fundo lililofungwa asubuhi huwa gumu kama jiwe jioni. Isipokaushwa huoza kwa ndani wakati nje bado inaonekana nzima. Nailoni haiozi, lakini huteleza, hunyooka inapovutwa na hurudi kwa kasi inapokatika. Isitoshe, ikipita kiganjani kwa kasi huunguza ngozi kabisa. Mwenye kutumia nailoni na avae glovu za ngozi.

Kamba za nyuzi zilizofumuliwa kutoka kwenye viroba, waya wa umeme uliochakaa na magome ya miwati hufaa kufungia mzigo wa kuni. Hazifai kwa mnyama. Mfugaji aliyetumia fedha nyingi kununua mtamba kisha akaokoa fedha kidogo kwa kumfunga na uzi wa kiroba amefanya hesabu isiyoeleweka.

Mafundo mawili yanayotosha

Mabaharia wana mafundo mengi. Mfugaji anayeanza anahitaji mawili tu, lakini ayajue hata gizani.

La kwanza ni fundo lisilokaza. Hili ndilo la kufanyia kitanzi chochote kinachozunguka shingo. Hatari kubwa kuliko zote katika kumfunga ng'ombe malishoni ni kitanzi cha kuteleza, kile kinachojikaza kadiri mnyama anavyovuta. Ng'ombe aliyefungwa kwa kitanzi hicho kwenye mteremko akiteleza, au akizunguka kisiki hadi kamba ikaisha, hujinyonga kwa uzito wake mwenyewe, na huweza kufa kabla ya mwenyewe kurudi kutoka shambani. Vilima na mabonde ya Yakobi, pamoja na visiki vya miti iliyovunwa, vinaifanya hatari hii kuwa ya kila siku.

Fundo lisilokaza hufungwa hivi. Sehemu ndefu ya kamba hushikwa kwa mkono wa kushoto na ncha kwa mkono wa kulia, ncha ikiwa imekwisha kuzunguka shingo. Juu ya sehemu ndefu hufanywa kiduara kidogo, upande unaoelekea kwenye ncha ukilala juu ya ule mrefu. Ncha hupenyezwa ndani ya kiduara kutoka chini kuja juu, huzungushwa nyuma ya sehemu ndefu, kisha hurudishwa ndani ya kiduara kilekile kutoka juu kwenda chini. Ncha na sehemu ndefu huvutwa kwa pamoja na fundo linakaa. Kipimo chake ni rahisi: mtu avute kwa nguvu zake zote. Kitanzi kikipungua hata kidogo, fundo limekosewa, na lifunguliwe lianzwe upya. Nafasi kati ya kitanzi na shingo iruhusu ngumi moja kupita. Ikizidi hapo mguu wa mbele huweza kuingia mnyama anapoinama au kujikuna.

La pili ni fundo la kufunguka kwa kuvuta, nalo ni la nguzoni. Kamba hupitishwa nyuma ya nguzo na kurudi mbele. Ncha hutengenezewa kiduara kidogo, na kiduara hicho hulazwa juu ya ile sehemu iendayo kwa ng'ombe. Ncha iliyobaki hukunjwa. Mkunjo huo, si ncha yenyewe, hupitishwa chini ya sehemu iendayo kwa ng'ombe na kuingizwa katika kiduara kutoka chini. Hukazwa, kisha husukumwa hadi libane nguzo. Ng'ombe avute atakavyo, fundo halitoki. Mtu akivuta ncha inayoning'inia, lote hufunguka mara moja. Umuhimu wake huonekana siku ng'ombe anapoanguka akiwa amefungwa: hapo hakuna muda wa kufumua fundo kwa kucha, na kisu hakiko karibu kamwe kinapohitajika.

Mafundo haya hujifunzwa sebuleni, kwenye mguu wa kiti, jioni tatu au nne mfululizo. Anayeyajaribu kwa mara ya kwanza huku mtamba akirukaruka hatajifunza fundo. Atajifunza tu kuogopa.

Hatamu ya kamba

Ng'ombe anayevutwa kwa shingo hutumia nguvu yake yote ya mabega kupinga. Anayeongozwa kwa kichwa hufuata pale pua yake inapoelekezwa. Ndiyo maana hatamu, yaani kamba ya kichwani, ni bora kuliko kitanzi cha shingo kwa kila kazi ya kumwongoza au kumshika.

Hatamu hutengenezwa kwa kipande kimoja cha kamba chenye urefu wa mita tatu na nusu hadi nne. Kwenye ncha moja hufanywa jicho dogo kwa fundo lisilokaza, lenye upana wa kupitisha kamba yenyewe. Kisha hupimwa urefu wa kutoka shavu moja hadi jingine kupitia juu ya mfupa wa pua, katikati ya macho na matundu ya pua. Urefu huo ukifika, hufanywa jicho la pili. Sehemu iliyo kati ya macho hayo mawili ndiyo itakayokaa juu ya pua, na haibadiliki urefu. Kamba ndefu inayotoka kwenye jicho la pili hupandishwa shavuni, huzungushwa nyuma ya masikio au pembe, hushuka upande wa pili na kupenya katika jicho la kwanza. Kutoka hapo hupita chini ya kidevu na kupenya katika jicho la pili. Kilichobaki ndicho mkono wa kuongozea.

Jicho la pili likae shavu la kushoto, upande anaosimama mwongozaji. Mnyama akivuta, kamba ya chini ya kidevu hukaza. Akilegeza, nayo hulegea papo hapo, na kwa njia hiyo mnyama hujifunza mwenyewe kuwa kutulia kuna nafuu. Sehemu ya juu ya pua ikae penye mfupa. Ikishuka hadi penye nyama laini karibu na matundu, itambana pumzi, naye atapambana kwa sababu ya kukosa hewa wala si kwa ukaidi. Hatamu ya aina hii huvuliwa kazi inapokwisha. Mnyama anayekua akiachiwa hatamu moja kwa miezi, kamba huzama katika ngozi.

Kuanza na ndama

Mwalimu bora wa mfugaji anayeanza ni ndama, kwa sababu makosa ya wote wawili huwa mepesi. Ndama wa wiki chache huvalishwa hatamu na kuachwa nayo kwa muda mfupi akiangaliwa. Siku zinazofuata hufungwa kwenye nguzo kwa dakika 15 hadi 20, mtu akiwapo. Atavuta, atajilaza, atalalamika. Asifunguliwe katikati ya vurugu, kwani atajifunza kuwa vurugu hufungua kamba. Hufunguliwa anapotulia, hata ikiwa ametulia kwa nusu dakika. Ila akianguka akaning'inia, afunguliwe mara moja.

Kisha huja hatua ya kutembea. Mwongozaji husimama usawa wa bega la kushoto, huvuta kidogo na kulegeza mara mnyama anapoinua mguu. Kulegeza ndiko kunakofundisha, kuliko kuvuta. Mfugaji anayevuta bila kulegeza anamfundisha ndama kuegemea kamba, na ndama huyo baada ya miaka miwili atakuwa ng'ombe wa kilo 400 anayeegemea kamba. Pumba kidogo au chumvi kiganjani husaidia.

Aliyepokea mtamba mkubwa asiyezoeshwa asikate tamaa, lakini asifanye peke yake. Njia salama ni kumwingiza katika banda dogo kwa chakula, kumzoesha kuguswa siku kadhaa, kisha kumvalisha hatamu akiwa anakula kichwa kikiwa katikati ya mbao. Kwa mwenye pembe na woga mwingi, kitanzi huweza kuwekwa pembeni mwa pembe kwa kutumia mti mrefu, mtu akiwa nje ya ua.

Nguzo na mizunguko miwili

Nguzo nzuri ni ya mti mgumu, nene kama paja, iliyochimbiwa karibu mita moja. Nguzo ya msindano isiyotiwa dawa huoza usawa wa udongo katika muda mfupi, hasa kwa mvua za huku, na ng'ombe akiing'oa hukimbia nayo ikimpiga miguuni. Hilo humtisha zaidi kuliko mbwa. Nguzo isukumwe kwa bega kabla ya kila kazi. Ng'ombe asifungwe kwenye mlango wa banda, kwenye fito za ua au kwenye pikipiki.

Siri ya nguzo ni msuguano. Kamba ikizungushwa mara mbili kamili kwenye nguzo, mtu mmoja, hata mama mwenye umbo dogo, huweza kumzuia ng'ombe mzima kwa kushika ncha tu. Ng'ombe anapopiga hatua kuelekea nguzoni, mshikaji huvuta ile sehemu iliyolegea. Ng'ombe anapovuta, mshikaji hashindani naye, hushika tu, na nguzo hufanya kazi. Hatua kwa hatua mnyama husogea mwenyewe. Mikono ikae mbali na nguzo kwa kiasi cha urefu wa mkono, kwa maana kidole kikiingia kati ya kamba na nguzo wakati ng'ombe anarudi nyuma, hakitoki kizima.

Baada ya kusogezwa hufungwa kwa fundo la kufunguka, usawa wa bega lake, na kamba iwe fupi, sentimita 60 hivi. Anayefungwa chini na kwa kamba ndefu atauvusha mguu juu yake.

Mkono wa mshikaji

Kuna makosa machache ambayo huwaumiza watu wengi. Kamba haizungushwi mkononi, kifundoni wala kiunoni, hata mara moja, hata kwa ng'ombe mpole kuliko wote. Mpole huyo akishtuliwa na bati lililoanguka atamburuta aliyejifunga naye. Kamba iliyobaki hukunjwa mikunjo mirefu na kushikwa kiganjani kama mtu ashikavyo kitabu, ili ng'ombe akikimbia ifunguke yenyewe. Mguu hauwekwi ndani ya mduara wa kamba iliyolala chini. Ng'ombe akiwa na nia ya kukimbia, huachiwa. Huenda akaharibu mahindi ya jirani na kuleta maneno, lakini atapatikana. Kidole kilichokatika hakishoneki katika zahanati ya kijiji.

Hapa watoto watajwe kwa upekee. Ni desturi mtoto akirudi shule kuambiwa ampeleke ng'ombe mtoni au ahamishe kamba malishoni. Mtoto anayechoka kushika hujifunga kamba kiunoni ili mikono yake iwe huru kucheza au kuchuma matunda, na wazazi wengi hawalijui hilo kwa sababu halifanyiki mbele yao. Mtoto wa shule ya msingi asipewe ng'ombe mzima peke yake. Ndama aliyezoeshwa anatosha, na kwanza aonyeshwe, kisha aulizwe arudie mwenyewe, sababu ya kutojifunga.

Viatu viwe buti, si kandambili. Aliyechubuliwa na kamba aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa ngozi imefunguka, au amechomwa na pembe, afike zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo na aulize kuhusu chanjo ya pepopunda, kwani vimelea vya ugonjwa huo hukaa katika udongo na kinyesi cha mifugo.

Kazi zisizo za anayeanza

Kumwangusha ng'ombe kwa kamba ili atibiwe kwato ni ufundi wa kweli: kamba ndefu huzungushwa shingoni, kifuani na kiunoni, na ikivutwa nyuma mnyama hulala bila kupigwa. Lakini hubana kiwele, huweza kumdhuru mwenye mimba, na ng'ombe anayelazwa ubavu kwa muda mrefu hujaa gesi tumboni. Ni kazi ya kufanywa afisa mifugo akiwapo. Hali kadhalika fahali. Dume aliyelelewa kwa mkono tangu udogo, ambaye familia humwona mpole, ndiye hatari zaidi anapokomaa, kwa kuwa hamwogopi mtu. Pete ya puani huvalishwa na mtaalamu, na dume haongozwi na mtu mmoja wala kwa pete peke yake bila hatamu.

Yupo pia ng'ombe asiyepaswa kufungwa kabisa na mtu asiye mtaalamu: anayetoa udenda mwingi, anayeshindwa kumeza, aliyebadilika tabia ghafla na kushambulia vitu. Wengi hudhani amekwamwa na kitu kooni, wakamfunga na kuingiza mkono kinywani. Dalili hizo huweza kuwa za kichaa cha mbwa. Mlango ufungwe, watu wakae mbali, na afisa mifugo wa kata aarifiwe. Aliyekwisha kuguswa na mate aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kusubiri kuona ng'ombe atakuwaje.

Sheria na siku ya chanjo

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumhifadhi bila kumsababishia mateso yasiyo ya lazima. Kumfunga ng'ombe kwa waya, au kumwacha juani kutwa nzima kwa kamba fupi bila maji, si mambo ya desturi tu bali yanaweza kumfikisha mtu mbele ya sheria.

Ujuzi wa kamba hupimwa hasa siku ya chanjo. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa heleni, na katika kazi hiyo kila ng'ombe lazima ashikwe kichwa ili sikio lifikiwe. Penye kibanio, ile njia nyembamba ya mbao inayombana mnyama, kazi huenda haraka. Pasipo kibanio, mtaalamu hutegemea kamba ya mwenye ng'ombe. Mnyama aliyekuja na hatamu kutoka nyumbani huhudumiwa kwa dakika chache. Aliyeletwa kwa kuswagwa hufukuzwa uwanja mzima, huvunja sindano, na huwatia hofu waliokuwa wametulia.

Kwa hiyo wafugaji waje na hatamu imekwisha kuvalishwa na kamba moja ya akiba, wawili kwa kila ng'ombe mzima, na wawafunge wanyama wao mbali mbali kiasi cha kutofikiana kwa pembe. Kamba isiazimwe kutoka kwa ng'ombe mwenye mapele au mabaka ya ngozi kwenda kwa mwingine, kwa kuwa magonjwa ya ngozi husafiri kwa kamba. Baada ya kazi ioshwe kwa sabuni, ianikwe juani, na kabla ya kutundikwa ipitishwe kiganjani taratibu kutoka ncha hadi ncha. Mahali penye nyuzi zilizokatika pataonekana, na hapo kamba hukatwa na kubaki vipande viwili vya hatamu za ndama. Asiye na uhakika na fundo lake amwombe afisa mifugo wa kata amwonyeshe, na aende na kamba yake mwenyewe.